Muulize Bibi Nesi: "Mume wangu pumzi zinakatika usiku tangu agongwe na Fuso"

*Shikamoo Bibi Nesi. Nakaa Igoma, Mwanza, nakaanga maandazi na kuuza chai ya asubuhi. Mume wangu ana miaka 34, alikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka juzi aligongwa na Fuso maeneo ya Nyakato, saa moja usiku, kofia ikiwa imening'inia kwenye usukani. Alikaa siku tisa bila fahamu. Walimfungua kichwa, wakatoa damu iliyovilia upande wa kushoto. Namshukuru Mungu anatembea na anaongea vizuri. Lakini si yule niliyemjua. Anasahau nimemtuma nini kabla hajafika dukani. Anafoka. Anasinzia mchana kwenye kijiwe chao mpaka wenzake wanampiga picha na kucheka. Alikuwa kilo 68, sasa ana 89. Usiku ndio balaa: anakoroma mpaka wapangaji wa chumba cha tatu wanagonga ukuta, halafu kimya, hapumui kabisa, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Anaamka kukojoa mara nne. Asubuhi kichwa kinamuuma. Tulipoenda kliniki tukaambiwa ni ubongo uliumia, tuzoee. Mama mkwe anasema ni jinamizi, anataka tumpeleke kwa mtu wake Magu na kuku mweusi. Bibi, ni ubongo kweli? Atanifia usingizini? Na wenzake wanamwambia arudi barabarani, eti akishika pikipiki akili itachangamka. Mimi nimeshaanza kulala chini na watoto. — Mama Maandazi, Igoma*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza kama nesi, ya pili kama dada wa mtu, nitakueleza kwa nini, na ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu. Nimepigia mstari sehemu moja tu: "halafu kimya".

Kukoroma peke yake ni kero ya majirani. Kimya kile ndicho ugonjwa. Madaktari wanauita apnia ya usingizi, sisi tuuite pumzi kukatika usingizini. Ni hivi: mtu mzima akiacha kupumua kwa sekunde 10 au zaidi akiwa usingizini, hiyo inahesabiwa mara moja. Zikifika mara 5 kwa saa, tayari ni tatizo. Kati ya 15 na 30 ni la kati. Zikizidi 30 kwa saa ni kali, na hapo ujue mtu anakabwa kila dakika mbili usiku kucha, halafu asubuhi mnamwita mvivu.

Ziko namna mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya wengi, ni ya kooni. Ukilala misuli yote inalegea, na ya koo nayo, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inajifunga kama mpira wa maji uliokanyagwa. Kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti. Ya pili ni ya ubongoni: njia iko wazi, lakini amri ya "vuta pumzi" haijatumwa, kifua kimetulia tuli. Kwa aliyeumia kichwa zinaweza kuwepo zote mbili, na kwa macho si rahisi kuzitenganisha, ila ukitazama kifua utapata dokezo. Kikinyanyuka na kuhangaika bila hewa, ni koo. Kikitulia, yawezekana ni amri. Kinachothibitisha ni kipimo, na nitafika huko.

Sasa swali lako: ni ubongo kweli? Jibu langu ni ndiyo na hapana, na hiyo "hapana" ndiyo iliyonifanya nikupe ukurasa karibu mzima.

Ndiyo, kwa sababu jeraha la kichwa linaweza kuvuruga mambo mengi yanayolinda pumzi. Misuli ya koo huongozwa na ubongo. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayotuma homoni mwilini, inaweza kuguswa na ajali, mtu akanenepa na kupoa. Sehemu ya mbele ya ubongo ikiumia, mtu anaweza kula, akasahau amekula, akadai tena. Kilo 21 kwa miaka miwili si chai na maandazi yako tu. Nyingine zimekaa shingoni, na shingo nene hubana koo ukilala. (Chukua futi ya fundi cherehani umpime. Kwa mwanaume, ikizidi sentimeta 43 au hapo, mwambie daktari.) Halafu dawa. Baadhi ya dawa za kifafa wanazopewa waliopasuliwa kichwa huongeza uzito, nyingine huleta usingizi mzito, na dawa za kutuliza hulegeza koo zaidi. Usinisome vibaya hapa: dawa ya kifafa haiachwi kwa sababu ya Bibi Nesi. Anayeiacha ghafla anaweza kuanguka kifafa siku hiyo hiyo. Unaipeleka kwa daktari, unamwonyesha pakiti, unauliza kama iko nyingine.

Jambo moja sijaona umeliandika: alipokuwa ICU aliwekewa mpira wa kupumulia kooni, au alitobolewa shingoni? Kovu la pale linaweza kubana njia ya hewa. Kama anapiga mluzi akivuta pumzi hata akiwa macho, akipanda kilima kwa mfano, usingoje miadi. Hilo ni la daktari wa masikio, pua na koo, wiki hii.

Na "hapana", kwa sababu si kila kinachomsumbua leo ni kidonda cha Nyakato. Kusahau, kufoka, kusinzia, kuumwa kichwa asubuhi, kushindwa kukaza akili kwenye jambo moja: hayo huletwa na jeraha la ubongo, na huletwa vilevile na pumzi kukatika usiku. Yakikutana kwa mtu mmoja, kila mtu analaumu jeraha kwa sababu ndilo lenye kovu la kuonekana. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima 87 walioumia ubongo, wote wakiwa wamepitisha angalau miezi mitatu tangu ajali. Waliwalaza wakawapima. Asilimia 46 vipimo vyao vya usingizi vilikuwa na kasoro, na asilimia 23 walikuwa na hili la njia ya hewa kuziba. Yaani karibu mmoja katika kila wanne. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo uliwalinganisha walioumia kichwa wenye tatizo hili na walioumia kichwa wasio nalo, ukakuta wenye tatizo wana kumbukumbu mbovu zaidi na umakini unaopotea haraka zaidi. Jeraha ni lilelile, usiku ndio tofauti. Ubongo ulioumia unahitaji usingizi ili ujipange, sasa huu unaamshwa kila mara na oksijeni imeshuka. Hata kule kukojoa mara nne kuna asili yake: mtu akivuta pumzi na koo limefungwa, moyo unatanuliwa kwa nguvu, unadhani mwili umejaa maji, unaziamuru figo zitoe. Mnapima kisukari (na mkipime, ni vizuri), kumbe chanzo kiko kooni.

Jeraha la ubongo hatuwezi kulifuta. La usiku linatibika. Ndiyo maana nakasirika nikisikia "tuzoee".

Nakasirika, lakini ngoja niseme ukweli: mimi mwenyewe niliwahi kusema "tuzoee".

Kaka yangu alikuwa fundi wa injini za boti kisiwani Ukerewe. Mwaka 2009 alianguka kutoka juu ya lori la magunia ya dagaa, kisogo kikatangulia. Alipona, mkono wa kushoto ukabaki dhaifu kidogo. Kisha akaanza kulala. Alilala kwenye benchi, alilala na spana mkononi, mara moja alilala boti ikiwa inaelea na mwenye injini akamsubiri ufukweni kwa hasira. Shemeji alinipigia simu mara ngapi sijui. Mimi, nesi wa wodi ya upasuaji, nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu: "Ubongo uliumia shemeji, mwacheni apumzike." Nilimwambia hivyo kwa miaka minne.

Mwaka wa nne tulikuwa na msiba Nansio. Unajua msiba ulivyo, tulilala wanawake kumi na moja kwenye mikeka sebuleni, na wanaume wako upande wa pili wa ukuta wa udongo. Usiku wa manane nikamsikia. Kukoroma kunapanda, kunapanda, halafu kimya. Nikadhani amegeuka. Kimya kikaendelea mpaka nikaanza kusikia panya darini. Kisha ile sauti, kama pampu ya kisima inapopata maji baada ya kuvuta hewa tupu. Nikaamka, nikachukua saa yangu ya kifuani, ile ya kubana kwenye sare, nikakaa kizingitini na tochi. Sekunde 22. Sekunde 31. Moja ilifika 40, na mimi mwenyewe nikajikuta nimebana pumzi. Kwa nusu saa nilihesabu mara 19. Mwanangu, kazi yangu yote nimehesabu pumzi za watu nisiowajua, dakika moja, naandika kwenye chati "18", napita kitanda kinachofuata. Za ndugu yangu sikuwahi kuzihesabu hata mara moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni wewe kuhesabu. Usiku wa leo au kesho, watoto wakilala, kaa dakika 30. Kalamu na daftari. Kila akinyamaza, hesabu sekunde, andika. Angalia kifua. Angalia amelala chali au ubavu. Halafu washa taa, chukua simu, mrekodi video ya dakika tano, uso na kifua vionekane. Hiyo video ina uzito kuliko maneno yako yote kliniki, maana ukisema "anakoroma" daktari mwenye wagonjwa sitini kwenye foleni anatabasamu. Ukimwonyesha mtu hapumui sekunde 35, anaweka kalamu chini. Na usimtegemee mume ajieleze. Aliyeumia kichwa mara nyingi hajui anavyosinzia. Muulize, atakwambia "silali, nafumba macho tu". Andika wewe: anasinzia akila? Akiongea na mtu? Kwenye daladala kutoka Igoma mpaka mjini?

Kliniki usiseme "hajisikii vizuri". Sema: "Aliumia ubongo mwaka juzi, pumzi zinakatika usiku, hii hapa video, tunaomba apimwe usingizi." Anzia hospitali mnayohudhuria, uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kanda hii rufaa zinapanda mlima wa Bugando, kwenye hospitali ya rufaa. Uliza kipimo kamili cha usingizi kinapatikana wapi, na uliza kama wakati mnasubiri anaweza kuvalishwa usiku kucha kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni, ambacho wote tulikijua wakati wa UVIKO. Hakitoshi kutoa jibu la mwisho, lakini oksijeni ikionekana inashuka na kupanda kama ngazi, hakuna atakayekwambia uzoee. Waombe pia wampime presha, kwa sababu tatizo hili huipandisha, na homoni, za tezi ya shingo na zile za chini ya ubongo.

Ikithibitika kuwa ni ya kooni, tiba kubwa ni mashine inayoitwa sipapu. Aliyeianzisha ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, akaitangaza mwaka 1981. Ni kiboksi kama redio ya kijijini, kinavuta hewa ya humohumo chumbani na kuisukuma kwa mpira mpaka kwenye barakoa ya puani, ili hewa iwe kama mkono unaoshikilia koo lisifunge. Haitoi oksijeni, watu huchanganya. Mgandamizo wake unapangwa na wataalamu, kwa hiyo usikubali ndugu aliye ng'ambo akutumie ya marehemu shangazi yake ukamvalisha usiku huohuo. Na kama tatizo liko kwenye amri ya ubongo, mashine ya kawaida huenda isitoshe, ndiyo maana nang'ang'ania kipimo kwanza.

Aliyeumia kichwa ana taabu yake na barakoa: anaivua akiwa usingizini, au anasahau kwa nini ipo. Kaka yangu aliitupa mara mbili. Tulichofanya, akawa anavaa mchana, ameketi, anaangalia Simba na Yanga. Dakika 45 za kwanza bila mashine kuwashwa, za pili imewashwa. Wiki mbili hivi. Siku Simba ilipofungwa alisahau hata kuivua.

Hakuwa mpya, nisikudanganye. Mkono ulibaki vile, majina ya watu bado yanampotea. Lakini mwezi wa pili alifungua kabureta akairudisha yote bila kubakisha skrubu mezani, na mwezi wa tatu akanikumbusha kwamba namdai elfu ishirini. Nilikuwa nimeshaisamehe, nikaichukua.

Wakati mnasubiri yote hayo, asilale chali. Chukua fulana yake ya zamani, shona mfuko mgongoni katikati ya mabega, tia mpira wa makaratasi wa watoto, ule wa chandimu. Akijigeuza chali unamchoma, anarudi ubavu. Inua kichwa cha kitanda kwa tofali moja kila mguu, si kurundika mito maana mito inapinda shingo. Pombe isiingie mdomoni jioni, si bia, si gongo. Chakula cha usiku kiwe mapema na kidogo, na sufuria lisikae mezani. Kama anasahau amekula, mwandikie ukutani "Nimekula saa moja". Sato wa kuchemsha na mboga ni rafiki yake kuliko maandazi yako, samahani.

Pikipiki, hapana. Hapa sina upole. Mtu anayesinzia kijiweni atasinzia kwenye mteremko wa Mabatini, na nyuma kuna mama na mtoto. Tena muulize mama mkwe: kabla ya ajali alikuwa anakoroma? Wengine tatizo lilikuwepo kabla, na ndilo lililowapeleka chini ya lori. Akitibiwa, akapimwa tena, na daktari anayemfuatilia kichwa akaridhika, mtazungumza. Na wale wenzake wanaompiga picha, waambie wafute.

Mama mkwe usimbishie kwa ukali, ni mzazi naye anaogopa. Mwambie hivi kwa heshima: jinamizi humkaba mtu ambaye akili iko macho na mwili umegoma, na asubuhi anasimulia alivyokabwa. Mwanao hasimulii chochote, hakumbuki. Sisi ndio tunaoona. Akitaka kuombea, aombe. Kuku mweusi mumtengenezee supu.

Atakufia usingizini? Kila pumzi inapokatika ubongo huwa unamshtua, ndiyo ile sauti ya kutoka majini. Si kawaida mtu kufa palepale kwa sekunde zile. Madhara yake ni ya taratibu: presha, moyo, kiharusi, na kwa mwenye kifafa huzidisha kifafa. Kwa hiyo usikeshe ukimlinda, una maandazi ya saa kumi alfajiri. Kulala chini na watoto si dhambi wala si kumkimbia, lala. Ila siku midomo ikiwa ya bluu, au ukimtikisa haamki, au anatapika huku kichwa kinauma kuliko kawaida, au upande mmoja umelegea, au usingizi wa mchana unazidi siku hadi siku, hiyo si ya miadi. Ni ya usiku huohuo, hata kwa bajaji.

*Bibi, mimi ni saidia fundi wa ujenzi, Sengerema. Miezi mitano iliyopita mbao ilinipiga kichwani, nikazimia kama dakika kumi. Mimi shida yangu ni kinyume, silali kabisa mpaka saa nane usiku. Duka la dawa wananiuzia diazepam, nimezoea, bila hiyo silali. Juzi rafiki kaniambia nichanganye na pombe kali kidogo. Naishi peke yangu.*

Rafiki yako huyo asikuagizie hata soda. Diazepam na pombe kali pamoja zinaweza kukuzimia pumzi, na kwa kuwa unaishi peke yako, hakuna wa kukuamsha.

Kukosa usingizi baada ya kugongwa kichwa ni jambo la kawaida sana, saa ya mwilini huvurugika. Lakini huenda nawe pumzi zinakatika na hujui, maana kuna ambao kila wakipitiwa koo linawaamsha, asubuhi wanasema "sikulala". Huna wa kukusikiliza, basi simu ikusikilize: iweke kwenye kigoda karibu na kichwa, washa kurekodi sauti, lala. Kesho yake sikiliza ukiwa umekaa. Mdomo mkavu kama michembe asubuhi na kichwa kizito ni dalili pia. Ukisikia kukoroma kunakatwa na kimya kirefu, rudi juu usome nilivyomjibu Mama Maandazi.

Hizo dawa usiziache ghafla kama umezinywa kila siku kwa miezi. Zinapunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari, vinginevyo unaweza kutetemeka hata kuanguka kifafa. Nenda hospitali useme ukweli, ni ngapi na tangu lini. Mwenye duka anayekuuzia bila cheti anajua anachofanya, nami najua anachofanya.

Mengine ya nyumbani: amka saa ileile kila siku hata kama umelala saa moja tu, toka nje kwenye jua la asubuhi, kahawa chungu iishie saa nane mchana, simu usiingie nayo kwenye neti isipokuwa ile ya kurekodi. Na kichwa, mwanangu, miezi mitano na bado kinakusumbua hivi, kilipigwa picha? Barua yako haikusema.

*Shikamoo. Baba amepewa mashine ya hewa ya usingizi. Sisi Buzuruga umeme unakatika bila taarifa. Ukikatika akiwa amelala, si atakosa hewa?*

Marahaba. Hapana. Mashine ikizima, anarudi tu alivyokuwa kabla hajaipata: atakoroma, atashtuka. Barakoa za kufunika pua na mdomo zina kilango kinachofunguka chenyewe mashine ikizima, na ya puani tu anaweza kupumua kwa mdomo. Wengi huamka wenyewe kwa sababu ya ule ukimya na joto. Akiamka aivue, alale ubavu. Kama mkono wake au akili yake haimruhusu kuivua mwenyewe, mmoja wenu alale chumba kimoja naye, na hilo mwambieni daktari aliyeitoa. Betri ya kuhifadhi umeme inaweza kuiendesha, lakini muulize aliyewapa mashine inataka umeme wa namna gani kabla fundi wa mtaani hajaiunganisha na betri ya gari.

Barakoa ioshwe kila asubuhi kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato, ianikwe kivulini. Kile kikombe cha mvuke kitiwe maji yaliyokenekwa (yale ya mvuke uliopozwa), ukikosa, yaliyochemshwa yakapoa, na yamwagwe kila siku. Maji ya ziwani hata kama yanaonekana meupe, hapana. Na maji ya betri usiguse kabisa. Dukani yanakaa rafu moja na tindikali yake, na chupa zinafanana.